Uzi wa nyuzi: fidla za ajabu zilizopendwa na masikio, zikakataliwa na macho

#1 Kigingi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi wa fidla hapa Unguja. Nyingi ninazopokea ni za wapigaji taarabu, chache za wanafunzi. Juzi nilikuwa nabadilisha uzi wa La kwenye fidla ya mzee mmoja, na anayeijua kazi hii anaijua adha yake. Kigingi cha La ndicho cha juu kabisa, kimejificha pale kichwa kinapojikunja kama konokono. Tundu la kupitishia uzi liko ndani ya mfereji mwembamba, na mkunjo umeuinamia kwa juu, vidole havipiti. Natumia kibano cha kung'olea nyusi. Uzi unakaribia tundu, unateleza, unarudi nyuma, unaanza upya.

Kuna Mfaransa aliyeiona adha hiyo miaka zaidi ya 200 iliyopita akaamua kuimaliza. Aliugeuza mkunjo utazame nyuma, mfereji ukabaki wazi. Anaitwa François Chanot. Kwa kazi alikuwa mhandisi wa merikebu katika jeshi la majini, ingawa alizaliwa Mirecourt, mji ambao mafundi wa fidla wamejaa kama wavuvi walivyojaa Nungwi, na baba yake alikuwa mmoja wao. Napoleon alipoanguka, Chanot alisimamishwa kazi na kuachiwa nusu mshahara kwa sababu ya maandishi ya kuwakejeli watawala. Akakaa bure, mikono ikamwasha. Mwaka 1817 akaleta fidla ambayo ukiiona leo utasema ni gitaa la mtoto.

Fidla ya kawaida ina pembe nne kali kiunoni. Tena uso wake na mgongo wake vinatokeza kidogo nje ya mbavu, kama paa linavyotokeza nje ya ukuta. Chanot aliondoa pembe zote, akaondoa na ule ukingo. Kiuno akakiacha kibonyee taratibu. Matundu ya sauti, ambayo tumezoea kuyaona kama herufi f, akayalainisha yafuate mstari wa ubavu. Nyuzi akazifunga moja kwa moja usoni, kama za gitaa. Hoja yake ilikuwa kwamba ubao hutetemeka kwa kufuata nyuzinyuzi zake, na kila unapozikata umeupunguzia nguvu.

Akaipeleka Institut de France, taasisi ya wataalamu wa sayansi na sanaa, Paris. Mpigaji, Alexandre Boucher, akawekwa chumba cha pili, wajumbe wakabaki wanasikiliza bila kuona. Akapiga fidla ya Stradivari, yule fundi mashuhuri wa Cremona, Italia, akapiga ya Chanot. Wajumbe wakasema ya Chanot haipungukiwi na kitu mbele ya ile ya Mtaliano, na hata kuipita.

Sasa niambieni, nani kati yenu amewahi kuona okestra hata moja inayopiga fidla hiyo? Swali hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Naendelea hapa chini.

#2 Mpwani

Nafuatilia mkuu. Ila huyo Stradivari si ndiye ambaye fidla zake zinauzwa mamilioni ya dola? Basi hao wajumbe hawakuwa na masikio.

#3 Kigingi

Mpwani, masikio walikuwa nayo, na miaka miwili baadaye jambo lile lile likatokea tena.

Félix Savart alikuwa tabibu kijana aliyependa fizikia kuliko wagonjwa. Waliosoma umeme na sumaku wanalijua jina lake kwenye kanuni ya Biot na Savart. Kabla ya kanuni hiyo alikuwa anamwaga mchanga juu ya mbao na kuzisugua kwa upinde wa fidla ili aone ubao unatetemeka wapi na umetulia wapi. Mchanga hukimbia panapotetemeka, hujikusanya panapotulia, na unabaki mchoro. Alichokiona kikamfanya aikate fidla upya kabisa.

Fidla ya Savart ya 1819 ni sanduku. Mbavu zake zimenyooka, imebanwa kuelekea shingoni na kupanuka chini, kwa hiyo upinde unapata nafasi bila kiuno. Uso wake ni bapa na mgongo wake bapa. Fidla ya kawaida uso wake unachongwa kutoka kwenye ubao mnene hadi ufanye mbinuko mwororo, kazi ya siku nyingi na mkono usiotetemeka. Savart alisema mbinuko huo unakata nyuzinyuzi za ubao bila sababu. Matundu ya herufi f akayatupa, akakata mifereji miwili iliyonyooka. Kile kipande kirefu kinachobandikwa kwa ndani chini ya nyuzi nene akakihamishia katikati, ili kulia na kushoto vitetemeke sawa.

Naye akapelekwa mbele ya wajumbe, Biot mwenyewe akiwemo, na mtunzi Cherubini. Mpigaji Lefebvre akaingia chumba cha pili na fidla mbili, ya Stradivari na ya Savart, akawa anazibadilisha haraka haraka. Wajumbe wakashindwa kusema ipi ni ipi.

Na usidhani ni masikio ya zamani tu. Mwaka 2010 kule Indianapolis, watafiti Claudia Fritz na Joseph Curtin waliwapa wapigaji 21 fidla tatu mpya na tatu za zamani, mbili zikiwa za Stradivari na moja ya Guarneri, fundi mwingine wa Cremona. Chumba cha hoteli, taa hafifu, na kila mpigaji amevaa miwani myeusi ya wachomelea vyuma. Iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ya Stradivari. Mwaka 2012 wakarudia karibu na Paris kwa wapigaji 10 wa kiwango cha juu kabisa na fidla 12. Wengi wakachagua mpya, na walipoulizwa ipi ni kuukuu majibu yao yakawa kama ya kurusha shilingi.

Kwa hiyo nasema waziwazi: fidla ya Chanot na ya Savart hazikukataliwa kwa sauti. Zilikataliwa kwa sura.

#4 Fundi Mninga

Kigingi, heshima yako. Mimi ni seremala, naunda samani na gambusi chache. Fidla sijawahi kuiunda. Lakini hapo kwenye "sura" nakupinga.

Umesema Chanot aliondoa ukingo. Mimi nikiona ubao mpana unatokeza nje ya ubavu najua kwa nini. Ubao haufi ukishakatwa. Masika unavimba kwa upana, kiangazi unanywea. Ukiukata sawasawa na ubavu, siku utakaponywea ubavu utabaki nje yake, na ukifungua huwezi kuubandika tena ukakaa. Ukiuachia ukingo, una nafasi ya kusogea pande zote. Huyo mhandisi alitengeneza chombo kizuri cha kupigwa. Je, alifikiria cha kutengenezwa kikiharibika?

#5 Kigingi

Fundi Mninga, umepiga msumari penyewe, na nimekaa siku mbili nikilifikiria neno lako kabla ya kujibu.

Ngoja niwaoneshe wasioijua kazi. Fidla hubandikwa kwa gundi ya ngozi, ile ya kuchemsha, na makusudi haibandikwi kwa nguvu ya kupindukia. Ufa ukitokea ndani au ile nguzo ndogo ikianguka (kijiti kinachosimama kati ya uso na mgongo, Wafaransa wanakiita roho), fundi anachukua kisu chembamba butu, anakipenyeza chini ya ule ukingo, anapindua kidogo. Unasikia tik, tik, tik, gundi inaachia kipande kwa kipande. Uso unatoka mzima. Ukingo ndio mlango wa kuingilia. Hapa kwetu, kwa unyevu huu, nazifungua fidla kila mwaka baada ya masika, na nyingine zinajifungua zenyewe.

Mwezi uliopita nililetewa fidla iliyobandikwa na mtu kwa gundi nyeupe ya makabati. Kisu hakikupita popote. Uso ulipasuka mikononi mwangu, nusu ukabaki umeng'ang'ania mbavu. Niliumia sana siku ile, kwa sababu ilikuwa fidla nzuri.

Basi nakubali kwa Chanot: macho yalimkataa, na meza ya fundi ilimkataa pia. Savart bado namtetea.

Kuna mtu mmoja aliyewajua wote wawili. Jean-Baptiste Vuillaume, naye wa Mirecourt, alikuja Paris mwaka 1818 kufanya kazi kwa Chanot. Akaziunda fidla zile zisizo na pembe kwa mikono yake. Baadaye akashirikiana na Savart kwenye majaribio ya sauti. Yaani kama kuna fundi aliyepata sababu zote za kuacha umbo la Cremona ni huyu. Akafanya nini? Akageuka akawa mwigaji bora wa Stradivari aliyepata kutokea. Zaidi ya vyombo 3,000 vilitoka kwenye karakana yake. Alijua wateja wanataka kuona nini kabla hawajasikia.

Lakini ubunifu haukumtoka, ulihamia pembeni. Alitengeneza upinde wa chuma ulio wazi ndani kama bomba, na Paganini, mpigaji fidla mashuhuri, akautumia. Na takriban mwaka 1850 akaunda oktobasi, besi ya nyuzi tatu yenye kimo cha karibu mita tatu na nusu. Mpigaji anasimama juu ya jukwaa dogo. Mkono haufiki shingoni, kwa hiyo kuna vishikizo vya mkono na vikanyagio vya mguu vinavyobana nyuzi kwa vyuma huko juu. Akaipeleka kwenye maonyesho makubwa ya London mwaka 1851. Iko moja hadi leo katika makumbusho ya muziki ya Paris. Uzi wake wa chini kabisa unakaribia pale sikio linapoacha kusikia sauti na kuanza kuhesabu mitetemo.

#6 Bi Shungi

Mwanangu Kigingi, mimi si fundi wala mpigaji, ni mpenzi wa taarabu tangu usichana wangu. Marehemu mjomba alikuwa akipiga fidla, na akituambia fidla ndicho chombo pekee kilichozaliwa kimekamilika, hakijaguswa tangu Wataliano walipokiunda. Sasa wewe unatuletea mambo ya kugeuza vichwa na kukata pembe. Mjomba alikosea?

#7 Kigingi

Bi Shungi, shikamoo. Mjomba alisema waliyosema walimu wake wote, na kwa umbo la nje alikuwa sahihi. Andrea Amati wa Cremona, katikati ya karne ya 16, tayari alikuwa na fidla ambayo wewe ungeitambua ukiiona ukutani.

Lakini imeguswa, tena imeguswa sana. Karibu kila fidla ya Stradivari inayopigwa leo ilifanyiwa upasuaji kati ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Kumbi za muziki zilikuwa kubwa, watu wakataka sauti ya mbali zaidi. Mafundi wakakata kichwa, wakatupa shingo ya zamani, wakaweka shingo mpya ndefu iliyolala nyuma zaidi, wakakirudisha kile kichwa cha mwanzo juu yake. Uso ukafunguliwa, kile kipande cha ndani kikatolewa, kikawekwa kirefu na kinene. Ukiishika fidla ya namna hiyo angalia mashavu ya mfereji wa vigingi: utaona mstari mwembamba, kama kovu, pale mbao mbili zilipoungwa. Iko viola kubwa (viola ni ndugu mkubwa wa fidla) ya Stradivari ya mwaka 1690, aliyowaundia watu wa ukoo wa kitawala wa Medici, sasa iko Firenze, Italia. Hiyo imebaki kama alivyoiacha, na wanaoiona hushangaa ilivyo tofauti na ndugu zake.

Hata yale matundu yalisafiri. Watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2015 walionesha kuwa hewa hupita kwa wingi kwenye kingo za tundu kuliko katikati yake, kwa hiyo tundu refu jembamba linatoa nguvu kuliko duara la eneo lile lile. Vyombo vya karne ya 10 vilikuwa na duara. Taratibu likawa nusu mwezi, likawa herufi c, likawa f, na mafundi wa Cremona wakazidi kulirefusha. Ninaposoma hivyo nafikiria ile mifereji miwili ya Savart, na moyo unanienda mbio.

#8 Mpwani

Mkuu, mimi nimewahi kuona picha ya fidla haina sanduku kabisa, ina honi kama ya gramafoni. Nilidhani ni utani wa mtandaoni.

#9 Kigingi

Si utani. Hiyo ni fidla ya Stroh. Augustus Stroh, Mjerumani aliyeishi London, aliisajili kwa hataza mwaka 1899. Ile mashine ya kurekodi ya zamani haikuwa na maikrofoni. Wanamuziki walijibana mbele ya tarumbeta moja kubwa iliyopeleka sauti kwenye sindano. Fidla ya mbao hutawanya sauti pande zote, kwa hiyo ilikuwa inapotea. Stroh akaondoa sanduku lote. Daraja (kijibao kinachobeba nyuzi) linakaa juu ya mkono mdogo wa chuma, mkono unatikisa kiwambo cha aluminiamu, kiwambo kinapuliza sauti kwenye honi, honi inaelekezwa kule kwenye mashine. Nyingine zina honi ya pili ndogo inayomwelekea mpigaji mwenyewe, ili ajisikie.

Mwaka 1925 kampuni kubwa zikaanza kutumia maikrofoni, haja ya studio ikaisha. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, zama hizo zilikuwa zimekwisha pita. Lakini angalieni hili: kule Bihor, Romania, wanakijiji waliipenda, wakaanza kujiundia zao kwa honi za matarumbeta, na mpaka leo inapigwa harusini. Harusi ya uwanjani, watu mia tatu, kelele, hakuna spika. Honi inafika.

#10 Theluji

Wakuu, niko Norway mwaka wa tisa sasa, naomba niongeze moja. Huku wana fidla yao, hardingfele. Chini ya zile nyuzi nne za kupigwa zinapita nyingine nne au tano ambazo upinde hauzigusi kabisa. Zinaitika zenyewe. Iliyo maarufu kwa ukongwe ina tarehe ya mwaka 1651, ya fundi Ole Jonsen Jaastad. Imepambwa kwa lulu ya kombe na maua ya wino mweusi, na kichwani badala ya konokono wanachonga kichwa cha simba au joka. Mara ya kwanza kuisikia ilikuwa kwenye sherehe ya kijiji. Upinde ulisimama na sauti ikaendelea. Niligeuka kutafuta nani mwingine anapiga.

#11 Kigingi

Theluji, ahsante sana, hiyo ya mwisho uliyosema nimeisoma mara tatu.

Nimtaje mmoja tu kabla sijarudi kwenye meza yangu. Carleen Hutchins, Mmarekani, mwalimu wa biolojia aliyejifunza kuunda viola akiwa mtu mzima. Alizaliwa mwaka 1911, akafariki mwaka 2009. Aliunda familia nzima ya fidla nane, kutoka ndogo inayolia juu ya fidla ya kawaida mpaka besi kubwa, zote zikiwa zimehesabiwa kisayansi ziwe na tabia ya fidla. Yo-Yo Ma, mpigaji chelo mashuhuri, alirekodi kwa mojawapo, akiipiga kwa kuisimamisha kama chelo. Ila mimi nampendea fidla yake ya mwaka 1982 aliyoiita Le Gruyère, kwa jina la ile jibini yenye mashimo. Alitoboa mbavu matundu 65 na kila tundu akalizibia kizibo. Anachomoa kimoja, anasikiliza. Anachomoa cha pili, anasikiliza. Fundi anayethubutu kuitoboa fidla nzima mara 65 ili ajue hewa inafanya nini humo ndani, huyo ana mapenzi ya kweli na kazi yake.

Sasa niwaambie nilichoanza. Nimepata piano kuukuu iliyoliwa na mchwa miguu na mbavu, lakini ubao wake wa sauti, ule wa nyuma wa msonobari, ni mzima na umekauka miongo. Kuchonga mbinuko wa fidla siwezi nao, ni mwembamba mno. Lakini kwa sanduku la Savart unatosha na kubaki. Fundi Mninga, mgongo nataka mninga. Na ukingo nitauacha utokeze milimita mbili, kwa ajili ya neno lako.

#12 Fundi Mninga

Mninga upo. Kipande cha mlango wa zamani, hakina nyufa. Njoo Darajani Jumamosi uchague mwenyewe. Vigingi nitakuchongea vya mpingo, bure.

#13 Kigingi

Wakuu, samahani kwa kimya cha wiki tano.

Imekamilika. Uso bapa milimita tatu, mgongo wa mninga, mifereji miwili iliyonyooka, kile kipande cha ndani katikati kabisa. Kichwa nimekigeuza nyuma kama Chanot. Uzi wa La nimeuingiza kwa kidole. Kibano kilibaki kwenye droo.

Jana yule mzee alikuja kuchukua fidla yake. Nikamwomba aingie chumba cha nyuma na zote mbili, mlango nikaurudisha. Vijana wangu wawili wakakaa hapa mbele na karatasi. Akapiga mara nane, kipande kile kile cha taksimu, akibadilisha anavyotaka. Kijana wa kwanza alipatia mara nne. Wa pili alipatia tatu. Mimi nilipatia tano, na ni mimi niliyeiunda.

Mzee akatoka ameishika ile ya sanduku, anaigeuza geuza, anaigonga mgongoni kwa kidole.

"Sauti haina kasoro," akasema. "Lakini nikienda nayo harusini, watasemaje?"

Nikamwambia sijui, Maalim.

Akaitazama tena kitambo. Halafu akafungua mkoba wake, akaitoa fidla yake ya siku zote, akaiacha mezani kwangu, akaiweka ile ya sanduku mahali pake. Haikuenea vizuri, pembe za chini zinagusa. Akaufunga mkoba kwa kamba.

Harusi ni Ijumaa, Jang'ombe.